Kivumbasi cha Uzio wa Baba Mdogo

Mama yangu aliikata kahawa ya marehemu baba kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, na baba mdogo amesimama ng'ambo ya mfereji akimtazama. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimepanga chumba Lemara, Arusha mjini, nafanya kazi maabara, na habari ilinifikia kwa jirani yetu mmoja aliyeshuka mjini kuuza ndizi. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Si kwamba niliipenda kahawa. Mtu aliyekulia kwenye mteremko wa Meru, kila likizo anachuma kahawa huku wenzake wa mjini wanacheza, asinidanganye kwamba anaipenda. Nilikasirika kwa sababu kahawa ile ndiyo ilikuwa inamlinda mama, na sasa alikuwa amebaki wazi.

Kwetu, mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, anajulikana kwa alichootesha. Migomba anapanda kila mtu, lakini kahawa ni ya mtu na jina lake. Baba aliikuta ile ardhi ni kichaka, akaisafisha, akapanda kahawa, akaihudumia mpaka alipokufa. Baada ya msiba, baba mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, alikitamani sana kile kipande cha chini kinachopakana na mfereji. Lakini kila alipofungua mdomo, wazee wa ukoo walimnyooshea kidole kwenye kahawa: hii aliipanda nani? Hapo ananyamaza. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinizaa mimi peke yangu, na mimi kwa hesabu za ukoo nilikuwa mgeni anayesubiri kuolewa. Kahawa ndiyo iliyokuwa kijana wa kiume wa mama yangu. Ikiondoka, hana wa kumsemea kwenye kikao.

Sasa kwa nini aliikata? Hilo nililiuliza kwa sauti kubwa nilipofika nyumbani Jumamosi iliyofuata, hata shikamoo sijamaliza vizuri. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Kahawa inanila mimi," akasema. "Mimi siili."

Na kusema kweli alikuwa na haki yake. Mliokuwapo miaka ile ya soko huria mnakumbuka. Chama cha ushirika kilikuwa kimelegea kama kamba iliyolowa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao hadi barabarani, mwanzo wanakuita mama, mama, msimu wa pili wanakutajia bei ya kukutukana. Dawa za kupulizia, ambazo zamani zilitoka kwa ushirika, sasa unajinunulia dukani, na dukani kwenyewe hujui kama ni dawa au ni maji ya chokaa. Mama alipulizia miti ya juu, ya chini ikaoza matunda. Zamani mtu akikata kahawa alikuwa anakamatwa kabisa, bwana shamba anakuja juu, kesi inafika mbali. Miaka ile hata wa kukuuliza hakuna. Kila kitu ruksa.

Halafu akatokea mnunuzi wa mafuta ya kivumbasi.

Kivumbasi kwetu hakikuwa zao. Kilikuwa jani la uzioni. Unakikata unakiweka kwenye pipa la maharage wadudu wasiingie, mtu akipata mafua unamfukiza, mbu wakizidi unakichoma kidogo mlangoni. Kila nyumba ilikuwa nacho na hakuna aliyewahi kukihesabu kuwa mali. Huyu mnunuzi alitokea Nairobi, akafunga mtambo wa kukamulia mafuta kwa mvuke kule Nduruma, kwenye eneo la shamba kubwa la zamani, kisha akapanda mlimani kuongea na kikundi cha akina mama wa kanisa letu. Mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mnunuzi alivunja jani kwenye uzio mmoja njiani, akalisugua viganjani, akanusa, akasema hiki hiki ndicho ninachokitaka. Kilikuwa kinanukia kafuri, ile harufu ya dawa ya kuchua kifua. Alisema wanaotengeneza dawa hizo huko nje wanayahitaji mafuta hayo na atachukua yote. Akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ni uzio wa nani.

Hapo likafanyika kosa, na ni kosa la watu wema, ndiyo maana hata kulaumu nashindwa. Miaka ya nyuma kikundi kilikuwa kimeshagombana kwa sababu ya mbegu za viazi: fulani kasema za kwake ndizo zilizozaa, za fulani zimeleta ugonjwa, wakafikia kukatana salamu mlangoni mwa kanisa. Safari hii mama aliapa hayatatokea. Jumapili moja baada ya ibada, kila mama alikuja na mbegu za kivumbasi cha uzio wake amezifunga kwenye pindo la kanga. Zote zikamwagwa kwenye ungo mmoja mkubwa. Mwinjilisti akaziombea, mama akaingiza mikono akazikoroga, kisha zikagawanywa kwa kikombe kimoja kwa wote, ili asije mtu akasema mbegu yangu ni bora kuliko yako.

"Tumezichanganya," mama alinisimulia kwa fahari, "hata malaika hawezi kuzitenga."

Wenzake walipanda kwenye kingo, kahawa wakaiacha. Mama yangu hana nusu nusu. Akaing'oa kahawa yote ya kipande cha chini mpaka visiki, akapanda kivumbasi tupu.

Majani ya kwanza yalipopelekwa Nduruma na kukamuliwa, chupa ya mafuta ililetwa kupimwa kwetu maabara. Sikushangaa, maana mjini Arusha hapakuwa na sehemu nyingi za kupima kitu kama hicho. Tulikuwa na mashine inayotenganisha vitu vilivyomo ndani ya mafuta na kuvichora kwenye karatasi, kila kimoja kilele chake. Mafuta safi ya kafuri yangetoa kilele kimoja kirefu na vidogo vidogo pembeni. Karatasi iliyotoka siku ile ilikuwa na vilele kila mahali. Kafuri ilikuwepo, ndiyo, lakini imesimama kama mtoto mfupi kwenye picha ya darasa. Kulikuwa na ile inayotoa harufu ya karafuu, kulikuwa na ya mchaichai, na nyingine sikuzitambua.

Mkuu wa maabara, Mchaga mmoja wa Kibosho, mtu wa utani hata msibani, akainua ile karatasi kwenye dirisha.

"Haya si mafuta, mama," akaniambia. "Hii ni pilau."

Nilicheka sana. Kisha nikasoma kibandiko cha chupa, nikaona ni cha kikundi cha kanisa letu. Nikaichukua ile karatasi, nikaanza kuisoma upya.

Mnunuzi aliyakataa. Aliwaambia akina mama kwa upole kabisa, na upole wake ulinikera kuliko kama angetukana. Wengine walirudi kwenye kahawa yao mbovu mbovu, wakasema potelea mbali, ni jani tu. Mama hakuwa na pa kurudi. Shamba lake lilikuwa limejaa kivumbasi kirefu, kibichi, kinachovutia nyuki, kisicho na mwenyewe. Na baba mdogo alikuwa ameanza kupita kando ya mfereji na watu nisiowajua, ananyoosha mkono huku na huku kama mtu anayeonyesha chumba cha kupangisha. Akikutana na mama anamwambia, "Shemeji, pole. Ndugu yangu angeona haya angelia." Mama anajibu asante.

Mimi nilikuwa nalia kwa hasira chumbani kwangu. Nasema wazi, nilimchukia yule mzee. Nilikuwa nachukia hata kikohozi chake.

Mkuu wangu ndiye aliyenipa njia, ingawa yeye alikuwa anafuata lake. Kwa muda mrefu alikuwa na hamu ya kujua kitu kimoja: hivi vivumbasi vinavyofanana kwa macho, je, vyenye harufu moja ndio ndugu? Au undugu uko kwingine na harufu ni nguo tu, kila mmoja kavaa anayoitaka? Ili kujua, alihitaji majani ya kila uzio, yaliyochumwa na mtu anayejua ni uzio wa nani. Nikamwambia, mzee, nitakuletea kijiji kizima.

Basi kila nilipopata nafasi nilipanda nyumbani, nikapita nyumba kwa nyumba. Shikamoo mama, naomba tawi la kivumbasi. Marahaba, mwanangu, unaumwa? Siumwi, ni kazi. Wakaguna. Binti kasomeshwa hadi chuo kikuu, anazunguka kuchuma dawa ya mafua! Majani mengine tuliyakamua kwa chombo kidogo cha kioo pale maabara, tukayapima mafuta yake. Mengine tuliyakausha, tukayafunga kwenye bahasha na kuyapeleka nje ya nchi, kwenye chuo kimoja ambako rafiki yake mkuu alikuwa na uwezo wa kusoma vinasaba, zile alama za urithi ambazo mmea unazipata kwa mama na baba yake. Nilichuma pia kwenye shamba la mama, hapa na pale, vinavyonukia hivi na vinavyonukia vile. Kisha tukasubiri, na kusubiri kwenyewe kulinikondesha.

Majibu yalipokuja, mkuu alisahau utani siku nzima. Vivumbasi vya karafuu na vya mchaichai, ambavyo ukivinusa utaapa havijuani, vilikuwa karibu mno, mtu na dada yake. Na viwili vyenye harufu ya kafuri, vya nyumba mbili zinazotazamana, vilikuwa mbali kabisa kwa asili. Harufu haikujua lolote kuhusu undugu. "Unaona?" mkuu akawa ananiambia. "Unaona mambo haya?" Niliona, lakini mimi nilikuwa natafuta jambo moja tu. Katika shamba la mama, ile mimea michache iliyotoa kafuri safi, mafuta yale yale aliyoyataka mnunuzi, ilitoka wapi?

Yote ilirudi kwenye uzio mmoja. Uzio wa baba mdogo.

Nilikaa chini. Kati ya nyumba zote za mteremko ule, iwe hiyo! Baadaye nikakumbuka kuwa si yeye aliyekileta. Mkewe, mama mdogo, ndiye aliyekuja na shina lake kutoka kwao Ngarenanyuki alipoolewa, akalipanda uzioni, nyuma ya jiko. Alikuwa anatusimulia tukiwa wadogo, tena kwa furaha, maana ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao kilichoota.

Nilimweleza mama ukweli wote. Nilimwambia mbegu za kivumbasi hazifai, nyuki wanachanganya uchavushaji, kesho unapata pilau nyingine. Hata ile michache mizuri ya shambani ni chotara inayotoa mafuta kidogo, na kafuri ya uzio ule mwingine haikuwa safi. Inatakiwa kukata vipandikizi kutoka kwenye lile shina moja la uzioni, kuotesha hivyo tu, na kung'oa vingine vyote. Nikamwambia pia shina lenyewe ni la nani. Nilitegemea aseme hapana. Kumbe nilikuwa simjui.

"Twende," akasema, akafunga kanga kiunoni.

Baba mdogo alitupokea kwa bashasha hata nikaingiwa na wasiwasi. Akatuletea viti. Mama alipoeleza shida yake, alicheka mpaka akafuta macho.

"Shemeji! Majani haya? Chukua. Chukua yote. Si majani tu?"

Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyekata. Alichagua matawi yasiyotoa maua, akayakata mshazari, akayafunga kwa kamba ya mgomba iliyoloweshwa, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akapokea, akageuka, tukaondoka bila kusema neno. Si ukosefu wa adabu. Kwetu mche wa kuotesha hausemewi asante, wala haulipiwi kitu. Ukishukuru hautashika, utanyauka. Kila mtu mlimani anajua hivyo, na mama mdogo mwenyewe angeshtuka kama mama angefungua mdomo.

Mama aling'oa vivumbasi vyote vya mchanganyiko, akavichoma, moshi wake ukanukisha kijiji kizima. Akapanda vile vipandikizi kwa mistari. Zamu yake ya maji ikifika alikuwa wa kwanza mferejini, na ikichelewa analala na hasira, maana mashamba ya maua ya huko chini yalikuwa yameanza kuvuta maji mengi na mfereji wetu ulikuwa unafika umechoka. Lakini vilishika. Kisha akakata vipandikizi vya vipandikizi, mpaka shamba lote likawa la mmea mmoja. Hata ukitazama kwa mbali unaona ni kitu kimoja, rangi moja, kimo kimoja. Nilipita katikati nikavunja majani, nikanusa kila mstari. Kafuri, kafuri, kafuri.

Mafuta yake yalipofika maabara niliomba niyapime mimi. Kilele kilipanda, kikapanda, hadi nikaogopa karatasi haitatosha. Mkuu alinipigia saluti. Mnunuzi alichukua yote, akauliza lini tena. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta mama anaimba shambani, pambio la kanisani, sauti yake mbaya ile ile, anakosea palepale anapokosea siku zote. Nilisimama nyuma ya mgomba nisimkatishe. Kama kuna siku nimewahi kuwa na furaha isiyo na doa ni siku ile, na naisema kwa sababu ilikuwa fupi.

Baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo.

Kilikaa kwenye baraza ya mkubwa wa ukoo, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wazee kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka pembeni. Niliitwa na mimi, nikafurahi kuitwa, mjinga mimi. Nilidhani wanataka kusikia jinsi mama alivyofanikiwa.

Baba mdogo alisimama. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema marehemu kaka yake alipanda kahawa pale chini, na kwa heshima ya ile kahawa yeye alinyamaza miaka yote. Sasa kahawa haipo. Haikukatwa na yeye. Ilikatwa na shemeji yake kwa panga, mbele ya macho yake, na mizizi ikachimbwa. Kwa hiyo alama ya kaka yake imefutika pale, na aliyeifuta anajulikana. Basi tuulizane, kile kinachoonekana sasa kwenye ile ardhi, asili yake ni nini?

"Ni majani aliyoniomba," mama akasema. "Na ulisema chukua."

"Nilisema chukua, sikatai. Lakini wazee, aliniletea nini? Aliniambia hata asante?"

"Mche hausemewi asante!" Nilidakia kwa nguvu hadi mzee mmoja akashtuka. "Baba mdogo, hilo unalijua!"

"Nalijua," akasema, anatabasamu. "Ndiyo maana hata mimi sikuona nimetoa. Niliona mimea yangu imekwenda kupumzika kwa shemeji."

Wazee wakacheka. Walicheka, jamani, na mimi damu inanichemka masikioni. Nilimtazama mama mdogo pale mkekani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachomoa uzi mmoja mmoja kwenye pindo la kanga yake. Shina lilikuwa lake, kutoka kwao. Hakuna aliyemuuliza.

Mkubwa wa ukoo akanigeukia. Alikuwa mzee mpole, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea haya. Tumesikia umepima mimea yote ya hapa na umeijua asili yake. Ile iliyoko shambani kwa mama yako, asili yake ni wapi?"

Ndipo nikaelewa kwa nini nimeitwa. Niliwaambia kuwa asili ya mmea si umiliki. Niliwaambia vipandikizi vile vimeoteshwa na mama, vimemwagiliwa na mama, jasho ni la mama. Niliwaambia hata kahawa ya baba mbegu yake haikutoka mbinguni, ilitoka kwa misheni, mbona misheni hawajaja kudai shamba? Hapo wachache waliguna, nikadhani nimewapata.

"Tumekuuliza jambo moja," mzee akasema taratibu.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa wima na gauni lake la kanisani, mikono mapajani.

"Sema kama ilivyo," akaniambia. "Usiwe mwongo mbele ya watu kwa ajili yangu."

Nikasema kama ilivyo. Nikasema mimea yote iliyoko pale, kila shina, ni mmea mmoja, na mmea huo ni ule wa uzio wa baba mdogo. Hakuna mwingine. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, kama naeleza wanafunzi.

Uamuzi haukuchelewa. Mama atavuna kilichosimama, maana kakitolea jasho, kisha kipande cha chini kirudi kwenye ukoo mikononi mwa baba mdogo. Nyumba na migomba ya nyuma ya nyumba atabaki nayo mpaka Mungu atakapomchukua. Wakasema wamemwonea huruma. Mwinjilisti akafunga kwa sala, na mama akaitikia amina kwa sauti ile ile ya wengine.

Mimi nilimfuata baba mdogo hadi kwenye lango nikamwita mwizi. Nilimwita mengine pia ambayo mtoto hamwambii mzazi, na wazee walinishika mikono. Yeye alinitazama tu, akasema, "Hasira za kaka yangu hizi. Kweli damu haipotei." Nilitamani nimtemee mate.

Nilimkuta mama amekaa kwenye ukingo wa mfereji, amevua kandambili zake, anaosha miguu. Nilimwambia tutakwenda mjini kesho kutwa, mahakama zipo, sheria zimebadilika, wajane wana haki, namjua mtu anayemjua wakili. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Nikishinda," akasema, "nitazikwa na nani?"

Nikakaa kando yake. Maji yalikuwa machache siku ile, yanapita polepole na majani makavu.

"Hiyo mashine ya huko nje," akasema, "inapima na watu?"

"Inapima."

"Mimi na wewe tukipimwa?"

"Tutaonekana mama na mwana. Hakuna wa kubisha."

"Wewe na baba yako mdogo?"

"Tutaonekana ndugu."

"Na mimi na baba yako?"

"Mama, mke na mume haiwi hivyo. Hiyo haipimi ndoa, inapima tu..."

"Nimekuuliza."

"Hapana, mama. Haitaona kitu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei dukani na kuona haina ubishi. Akakausha mguu mmoja kwa pindo la kanga, kisha wa pili, akavaa kandambili.

"Kumbe," akasema, "miaka yote hii nilikuwa napalilia kwa watu."